Nortek Vector kwenye maji ya pwani yetu: inafaa hela yake?

Naandika hii kwa sababu swali ni lilelile kila siku, "ile mashine yenu ya kupima maji ni nzuri?", na wanaouliza wengi ni wanafunzi wa masters wa uhandisi wa maji na wa sayansi ya bahari, wengine ni watu wa miradi wanaandika bajeti, wameona bei wakashtuka wanataka kujua kama inafaa kweli au wanunue kitu cha bei poa. Jibu fupi ni ndiyo, ni nzuri sana, lakini si kwa kila kazi, na kuna mambo kibao ambayo hutayakuta kwenye karatasi ya mauzo kwa sababu yanategemea unapimia wapi, na sisi tunapimia kwenye maji ya moto ya nyuzi 28 hivi, yanajaa na kupwa zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, yenye nyasi bahari, mwani, mikoko na watu wanaopita na ngalawa zao.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Hii ni ADV, yaani kifaa kinachopima kasi ya maji kwa kutumia sauti, na Vector ndo toleo la Nortek la kwenda nalo baharini, wenyewe ni wa Norway. Ni bomba la plastiki ngumu lenye betri na memori ndani, mbele yake kuna kichwa cha titani chenye mikono mitatu myembamba iliyokunjwa kuelekea katikati. Pale katikati kuna kitoa sauti, kinapiga mlio wa megaherzi 6 ambao sikio la binadamu halisikii, mlio unasafiri mpaka sentimita 15 mbele ya kichwa, unagonga chembechembe zinazoelea kwenye maji, tope, mchanga laini, vijidudu, halafu mwangwi unarudi kwenye ile mikono mitatu. Chembe ikiwa inasogea mwangwi unarudi umebadilika kidogo, ndo ile Dopla ya fizikia ya sekondari, na kwa kuwa mikono inasikiliza kutoka pembe tatu tofauti unapata kasi ya pande zote, mbele nyuma, kushoto kulia na juu chini. Kipande cha maji inachopima mashine ni kidogo, upana wake kama sentimita moja na nusu hivi, na inaweza kukipima mpaka mara 64 kwa sekunde. Hapo ndo utamu wote ulipo.

Maana watu wengi wanadhani kupima maji ni kujua yanaenda kwa kasi gani basi. Sasa chukua sehemu mbili ambazo kasi ya wastani ni ileile, tuseme sentimita 20 kwa sekunde, ukiweka kipima mkondo cha kawaida kinachokupa wastani wa dakika kadhaa utaandika namba moja kwa sehemu zote mbili uende nyumbani umeridhika. Kumbe sehemu moja maji yamenyooka na nyingine yamejaa msukosuko, yanajizungusha, yanapanda na kushuka, yanakokota mchanga na kuchanganya hewa, virutubisho, joto, kila kitu. Mhandisi Osborne Reynolds alishaonyesha Manchester, Uingereza, mwaka 1883 kwa kupitisha uzi wa rangi kwenye bomba la kioo, kasi ikiwa ndogo rangi inakwenda imenyooka, ikizidi inavurugika bomba zima, na tangu hapo wahandisi tunajua kwamba wastani peke yake hautoshi, lazima ujue na mabadiliko yanayocheza juu ya ule wastani. Ukitaka kujua mchanga utanyanyuka au hautanyanyuka, mbegu ya nyasi bahari itakaa au itang'oka, mwani utapata chakula au hautapata, jibu liko kwenye hayo mabadiliko. Na huwezi kuyapata kwa kifaa kinachopima mara moja kwa dakika.

Sisi tumeitumia sana upande wa mashariki wa Unguja, kwenye mashamba ya mwani na kwenye nyasi bahari zilizo pembeni yake. Mwani wa biashara uliletwa Zanzibar kutoka Ufilipino na mashamba yakaanza 1989, wanaolima ni akina mama zaidi, kigingi huku, kigingi kule, kamba katikati na mwani umefungwa kwa taitai. Aina ya mwani iitwayo spinosum bado inakubali ila mwani wa aina ya cottonii, ambao ndo una bei nzuri, umekuwa mgumu kwenye maji haya ya kina kifupi kwa sababu ya joto na magonjwa, unakuwa mweupe, unalainika, unakatika. Sasa kwenye jani la mwani kuna utando mwembamba wa maji yaliyotulia, virutubisho vinapaswa kupenya hapo taratibu kabla havijafika kwenye mmea wenyewe, na msukosuko ukiwa mkubwa utando unakuwa mwembamba zaidi mmea unakula vizuri, ukiwa mdogo utando unanenepa mmea unakaa na njaa ilhali maji yana chakula. Kwa hiyo swali la wapi upige vigingi ni swali la msukosuko, si swali la mkondo tu.

Na hili akina mama wanalijua vizuri kuliko sisi. Tulifika maji yanapwa, tukamkuta bibi mmoja anakaza kamba zake, nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, hicho nini mnabeba, mtego?" Nikamwambia ni mashine ya kupimia maji. Akaangalia kidogo akasema, "Basi pimeni pale na hapa. Pale maji yanapita tu, hapa yanacheza. Pale nimefunga mwani miaka, haunenepi." Sehemu zenyewe ni jirani, unatembea hatua chache tu, kwa macho yangu maji ni yaleyale. Tukaweka Vector pale kwenye "yanapita", bamvua lililofuata tukaweka hapa kwenye "yanacheza", urefu uleule kutoka chini, wakati uleule wa maji kujaa. Kasi ya wastani karibu sawa. Nguvu ya msukosuko, ile unayoipata kwa kuchukua mabadiliko ya pande tatu, ukayapiga kipeo cha pili, ukachukua wastani, ukajumlisha na kugawa kwa mbili, ikawa kubwa mara kadhaa kwenye sehemu ya "yanacheza", kwa sababu maji yanapofika hapo yametoka kupita juu ya mawe na ukingo wa nyasi bahari, yameshavurugwa. Sidai kwamba hiyo inathibitisha kila kitu kuhusu mwani, ni sehemu mbili tu, lakini kifaa kilichoweza kuonyesha tofauti ambayo mkulima anaiona na vipima mkondo vya kawaida haviioni, kwangu mimi kimeshajieleza.

Haya tuje kwenye matumizi yenyewe maana hapa ndo watu wanapoteza data.

Fremu. Usidharau fremu jamani. Vector haina miguu, wewe ndo unatengeneza cha kuishikilia, na fremu ikitikisika hata milimita chache mashine itaandika mtikisiko wa fremu kama msukosuko wa maji, haina namna ya kujua tofauti. Tumia bomba za chuma za kutosha, funga vizuri, weka mizigo kwenye miguu, fundi wa kuchomelea wa mtaani anaweza kabisa kukutengenezea bora umchoree vizuri. Kitu kingine, maji yetu yanageuka, yakijaa yanakuja huku yakipwa yanarudi kule, sasa ukiweka kichwa mbele ya fremu kwa maji ya kujaa, yakianza kupwa kichwa kitakuwa nyuma ya fremu na utapima msukosuko uliotengenezwa na bomba zako mwenyewe. Weka fremu ubavu, yaani maji yakienda na yakirudi yapite pembeni mwa miguu. Muulize mvuvi yeyote wa pale mkondo unaelekea wapi maji yakijaa, atakuonyesha kwa mkono na hatakosea.

Mipangilio kabla ya kuzamisha. Inakubidi uchague reinji ya kasi, yaani kasi ya juu kabisa unayotarajia, na hapa kuna mvutano, ukiweka reinji ndogo kelele, yaani makosa madogomadogo ya kipimo, inapungua ila maji yakizidi ile kasi namba zinageuka ghafla, chanya inakuwa hasi, unaona kwenye grafu kama maji yameamua kurudi nyuma kwa sekunde moja. Ukiweka reinji kubwa sana uko salama ila kelele inapanda inafunika ule msukosuko mdogo unaoutafuta. Kwa maji ya kwenye mashamba ya mwani sisi tunaanza na reinji ya kati halafu tunaangalia data ya kwanza kabla ya kuiacha izame moja kwa moja. Chumvi nayo lazima uiandike, kwa sababu mashine ina kipima joto lakini chumvi haipimi, na kasi ya sauti inategemea vyote viwili. Kwenye bahari ya nyuzi 28 sauti inakwenda kama mita 1540 kwa sekunde, kwenye maji baridi yasiyo na chumvi ya joto hilohilo ni kama 1505, kwa hiyo ukitoka kupima mtoni ukaenda baharini na mpangilio uleule kasi zako zote zimekosewa kwa asilimia 2 hivi. Inaonekana ndogo ila ukishapiga kipeo inakua.

Tunapima mara 32 kwa sekunde kwa dakika 10, inapumzika, inaanza tena. Hizo dakika 10 zinakupa sampuli 19,200, zinatosha kupata takwimu nzuri na si ndefu kiasi kwamba maji yameshabadilika kwa sababu ya kujaa na kupwa. Ukiiacha ipime mfululizo siku nzima faili ni makumi ya megabaiti, si tatizo kwa laptopu ya kawaida.

Sasa data ikishatoka, na hapa naomba mnisikilize wanafunzi, usichukue namba ukaanza kukokotoa. Kila sampuli inakuja na vipimo viwili vya ubora, moja ni nguvu ya mwangwi ukilinganisha na kelele, nyingine ni ulinganifu wa mwangwi kwa asilimia. Kanuni inayotumika sana kwa kazi ya msukosuko ni ulinganifu uwe juu ya asilimia 70 na mwangwi uwe juu ya desibeli 15 hivi. Maji yetu ya mwani yana chembe za kutosha kwa hiyo mwangwi ni mzuri, raha tupu, wakati watu wa maabara kwenye tangi la maji safi wanalazimika kumwaga unga maalumu ili mashine isikie kitu. Adui wetu ni majani. Jani la nyasi bahari likipita kwenye kile kipande cha maji linatoa mwangwi mkubwa kuliko chembe, na mashine inakupa kasi ya jani. Unaona miiba kwenye grafu, namba inaruka juu inarudi. Watafiti Goring na Nikora walitoa njia ya kuisafisha mwaka 2002, unachora kasi, mabadiliko yake na mabadiliko ya mabadiliko kwenye nafasi ya pande tatu, zinazotoka nje ya yai unazitoa, na mpaka leo ndo karibu kila mtu anaitumia. Inafanya kazi vizuri miiba ikiwa michache. Ikiwa mingi hakuna fomula itakuokoa, bora ushuke maji yakipwa upunguze majani machache tu yanayofika mbele ya kichwa, machache kweli, usifyeke maana ukifyeka umebadilisha msukosuko uliokuja kuupima.

Na maji yakipwa kabisa kichwa kinabaki hewani, mashine inaendelea kuandika upuuzi. Vector ina kipima presha ndani, tumia hiyo kukata vipande vyote ambavyo maji hayajafunika kichwa vizuri.

Kitu kilichonifanya niipende mashine hii ni kwamba vipimo vya juu chini ni safi sana. Kwa jinsi mikono ilivyopangwa kelele ya kwenda mbele na pembeni ni kubwa kuliko kelele ya juu chini, hii ni kwa ADV zote za mtindo huu si Vector peke yake, kwa hiyo ukitaka kujua nguvu ya msukosuko inapotea kwa kasi gani tumia hivyo vipimo vya juu chini. Mwaka 1941 Kolmogorov, mwanahisabati wa Kirusi, alisema nguvu inaingia kwenye vizunguko vikubwa, vikubwa vinavunjika kuwa vidogo, vidogo vinavunjika tena, mpaka vinakuwa vidogo kiasi kwamba mnato wa maji unavimaliza vinakuwa joto, na katikati ya safari hiyo grafu ya nguvu dhidi ya masafa, yaani marudio kwa sekunde, ukiichora kwa logi inashuka kwa mteremko wa -5/3. Kwenye maji yetu vizunguko vya mwisho kabisa vinaweza kuwa nusu milimita, ADV haivioni hata kidogo kwa sababu kipande chake ni sentimita moja na nusu. Lakini haina haja ya kuviona. Ukiupata ule mteremko wa katikati unarudi nyuma kwa hesabu unajua ni nguvu kiasi gani inafika kule chini. Mara ya kwanza unapoona grafu ya data uliyoitoa mwenyewe kwenye bahari ya kwenu inalala juu ya ule mstari, kabla haijafika kwenye sakafu ya kelele ikanyooka, wallahi ni furaha ambayo siwezi kuielezea, unaona kitu kilichotoka Moscow mwaka 1941 kiko hapahapa kati ya vigingi vya mwani.

Ila mawimbi. Mawimbi ni shida ya kweli na mtu asikudanganye. Kusi likivuma upande wa mashariki, hata kama mwamba unavunja mawimbi makubwa kule nje, yanayoingia ndani bado yana nguvu, yanakuja kila sekunde 5 mpaka 10, na kwa mashine mawimbi nayo ni mabadiliko ya kasi. Ukikokotoa bila kuyatenga utasema msukosuko ni mkubwa ajabu kumbe umepima wimbi linavyoyumba tu. Na kichwa kikiwa kimeinama hata nyuzi chache kasi ya wimbi ya mbele nyuma inavuja kuingia kwenye ya juu chini, inaharibu kabisa hesabu ya msuguano wa maji na sakafu ya bahari. Kuna njia ya kutumia ADV mbili zilizotengana kidogo na kutoa moja kwa nyingine, mtafiti Trowbridge aliiandika 1998, wimbi linaonekana sawa kwenye zote mbili linajifuta, msukosuko hauko sawa unabaki. Nzuri sana, ila sasa unahitaji mashine mbili, na nani ana hela ya mashine mbili. Sisi kipindi cha Kusi tunategemea ule mteremko wa -5/3 kwenye masafa makubwa kuliko ya mawimbi, na vipimo vya kufa na kupona tunavifanya bahari ikitulia kati ya Kaskazi na Kusi.

Kwenye mikoko nako nimeitumia ila hapo ukweli nasema Vector si chaguo la kwanza. Kati ya vizizi vya mlilana na mchu vinavyochomoza kwenye tope nafasi ni finyu, kichwa ni kikubwa, sentimita 15 mbele ya kichwa mara nyingi unakuta umeshagonga kizizi kingine, na mwangwi wa kizizi ni kama mwangwi wa ukuta. Watafiti waliopima msukosuko kwenye vizizi vya mikoko ya jamii ya mlilana Vietnam, delta ya Mekong, walitumia ndugu yake mdogo, Vectrino Profiler, ambayo inapima karibu zaidi na kichwa na inakupa kasi kwa kila milimita kwenye kimo cha sentimita 3 hivi badala ya sehemu moja tu. Hiyo ndo ya mikokoni. Tatizo lake inataka kebo mpaka juu kwenye umeme na kompyuta, kwa hiyo mnajenga jukwaa, mnakaa na mbu, mnasubiri maji. Vector unaizamisha unaondoka.

Upande wa kero ndogondogo. Mawasiliano ni kwa kebo ya sirio (serial) ya kizamani, laptopu za siku hizi hazina tundu hilo, nunua adapta ya USB ya uhakika na mbili si mbaya, ile ya bei ya chini inakatika katikati ya kushusha data. Kwenye maji yetu ya moto vitu vinaota haraka balaa, mwani mdogo, utelezi, na wale wenye magamba wanaojibandika chini ya mashua, wakikaa kwenye uso wa mikono sauti inafifia taratibu na unaona mwangwi unashuka siku hadi siku. Futa kila maji yakipwa kwa kitambaa laini, usikwangue kwa kisu kabisa. Oringi, zile pete za mpira za kuzuia maji, zikaguliwe kila ukifungua, unywele mmoja au chembe moja ya mchanga ikikaa pale maji yanaingia na habari imeisha. Na ukitoka baharini osha kwa maji baridi kabla ya chumvi kukauka.

Programu yake ya kupangia na kushushia data ni ya Windows na inafanya kazi yake. Kwa uchambuzi sina haja ya kununua kitu, natumia Python, lugha ya kuandikia programu, na DOLfYN, maktaba yake ya bure, inasoma mafaili ya Vector moja kwa moja, ina kazi ya kuondoa miiba, kugeuza mihimili, kukokotoa nguvu ya msukosuko na upotevu wake. Mwanafunzi mwenye laptopu ya kawaida na hamu ya kujifunza anafika popote.

Bei sasa. Unaongelea makumi ya mamilioni ya shilingi kwa mashine moja kabla hata haijafika, halafu kuna usafiri, kodi, na wakala wa kutoa mzigo. Sisi wakala mmoja, simtaji, aliandika kifaa kwa aina isiyo yake kwenye makaratasi, mzigo ukakaa, gharama za kuhifadhi zikapanda, bamvua tulizokuwa tumezipanga zikapita mashine iko stoo. Kwa hiyo barua ya msamaha wa kodi ya vifaa vya utafiti itafutwe kabla mzigo haujaondoka huko unakotoka, na maelezo ya kifaa uyaandike wewe mwenyewe kwa Kiswahili na Kiingereza, usimwachie mtu.

Kama hela hiyo haipo usikate tamaa ukaacha utafiti. Kuna njia ya mzee Maxwell Doty wa Hawaii, huyu ndo mmoja wa watu waliofanya ukulima wa mwani uanze Ufilipino, yaani mwani uliopo Zanzibar leo una mkono wake. Mwaka 1971 aliandika jinsi ya kupima mwendo wa maji kwa vipande vya jipsamu, unakoroga, unamwaga kwenye kifuniko, kikikauka unapima uzito, unakifunga majini siku moja, unakausha unapima tena, kilichopungua kinakuambia maji yamecheza kiasi gani hapo. Unga wa mafundi dari unatosha, unaweza kuweka vipande hamsini kwenye shamba zima kwa hela ya chakula cha mchana cha timu. Shida yake haitofautishi mkondo ulionyooka na msukosuko, na joto la maji linabadilisha kasi ya kuyeyuka, kwa hiyo usilinganishe cha Januari na cha Julai. Mimi navitumia pamoja, jipsamu inanionyesha ramani ya shamba, sehemu gani kuna maji ya kuvutia, halafu Vector inakwenda kwenye hizo sehemu chache kuniambia kuna nini hasa. Hiyo kazi ya pamoja ndo imenipa matokeo ninayoyaamini kuliko yote.

Naipa nyota nne na nusu kwa kazi ya mashamba ya mwani, nyasi bahari na mito yenye kina, nyota tatu kwa mikoko kwa sababu ya ule ukubwa wa kichwa. Kama wewe unachotaka ni kujua maji yanatoka wapi yanakwenda wapi kwenye ghuba nzima, chukua ADCP, kifaa kingine cha sauti kinachopima mkondo kutoka chini mpaka juu, hii siyo kazi ya Vector. Kama unajenga gati au daraja na mshauri amekuambia wastani wa mkondo unatosha kukadiria mchanga utakaochimbwa kwenye nguzo, mwombe apime na msukosuko nyuma ya nguzo, hapo hela ya ADV inarudi yote.

Na ombi langu kwa vyuo na taasisi za pwani, kuanzia Mombasa mpaka Mtwara na visiwani. Mashine hizi tusinunue kila mtu yake halafu ikae kabatini mradi ukiisha. Mashine moja inayozunguka kati ya taasisi tatu, yenye fremu yake, adapta zake, oringi za akiba, na fundi mmoja aliyefundishwa vizuri kuitunza, itafanya kazi kubwa kuliko mashine tatu ambazo betri zimevujia ndani. Sisi tuko tayari kuanza na yetu. Anayetaka kupima kabla ya Kusi kuanza aje na swali lake limeandikwa kwenye ukurasa mmoja, sehemu anayotaka, kina cha maji wakati wa bamvua, na jina la mvuvi au mkulima wa pale atakayekuwa naye siku ya kuzamisha. Fremu tunayo.